Kadi ya Fundi Mawimbi

Majengo, Nyeri
3 Mei 1967

Kwa Mjomba Wamae,

Nakusalimu, kisha nakulaumu, halafu nitakusalimu tena. Mimi ni mzima, ukiacha huzuni iliyotupata. Rukaya wangu ni mzima pia. Meno mawili ya mbele yameng'oka, na akisema "sukari" anatutemea mate sote. Nyanya Magdaline, mama yako, aliteremka kutoka Tetu siku ya mazishi na maziwa yake, akakaa na wanawake wa Kiislamu mchana kutwa, kitabu cha nyimbo za kanisa kikiwa mfukoni, na hakuna aliyemuuliza neno. Wewe tu ndiye hukuonekana. Telegramu yako ilifika siku ya tatu. Asante.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisa, acha nikueleze mambo yetu. Mume wangu Muhammad alifariki Ijumaa tarehe 14 Aprili. Tangu siku hiyo nakaa eda, miezi minne na siku kumi, mpaka tarehe 20 Agosti. Sitoki nje ya ua. Sijipaki wanja wala mafuta ya harufu, na sionani na wanaume wasio ndugu. Wewe unaruhusiwa. Nakwambia mapema ili usije ukapata kisingizio.

Chumba changu kina dirisha moja, na dirisha linatazama ukuta wa jikoni kwa mama mkwe, Bi Mishi. Nimeshaujua ule ukuta kuliko ninavyoujua uso wangu, maana kioo nacho kimegeuzwa. Redio ya marehemu iko juu ya kabati, imefunikwa leso, kana kwamba nayo imefiwa. Shee, kaka yake marehemu, hutuletea nyama kila Ijumaa, anakohoa mlangoni, anaondoka.

Neno langu ni dogo. Wewe unashinda na redio za watu mezani. Kuna ule wimbo wa yule jamaa anayeimbia puani, anataja steshoni za treni moja baada ya nyingine. Beti ya kwanza ninayo, ya pili imenitoka kabisa, na nimeitafuta kichwani wiki mbili. Niandikie. Na uniambie utakuja lini.

Mimi mpwa wako,
Zuena

*

Meru
29 Mei 1967

Mpwa wangu Zuena,

Pokea salamu nyingi zilizochelewa njiani pamoja na mwenye kuziandika. Huku mvua imetukalia. Mama mwenye nyumba, Gaceri, anakusalimu ingawa hakujui. Ana redio ya betri ambayo haiharibiki, na hilo linaniuma kama fundi. Wiki hii nimefungua redio sita. Moja ilikuwa na kiota cha panya ndani, na mwenyewe ananiuliza eti kwa nini taarifa ya habari inakwaruza.

Beti yako hii hapa, nimeisikiliza mara tatu ndipo nikaipata yote:

Kiganjo sikushuka, Karatina sikununua,
Sagana niliita, Maragua hawakunijua,
Makuyu nimelala, Thika nimeamka,
mwambieni aliyenifungia mlango, ufunguo ninao.

Sasa nawe unilipe. Huu wimbo hauna hata mapenzi ndani. Unaupendea nini?

Wangu mimi unaujua, ule wa kanisani aliotufundisha Nyanya. Watu hudhani naupenda kwa sababu ya dini. Wakati wa Emajensi, Wazungu walipowachimbisha wanawake wa kijiji handaki, Nyanya ndiye aliyekuwa akianzisha. Aliuvuta, akauvuta, na jembe halikushuka mpaka beti iishe. Wale walinzi walidhani ni ibada. Wewe ulikuwa mjini kwa baba yako, Mungu amrehemu, lakini mimi nilikuwa pale na debe la maji, nikaona wanawake arobaini wakipumzika kwa wimbo. Mpaka leo nikiusikia mabega yananishuka.

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi. Usimwogope Shee. Ni mtu wa maana, na anakuheshimu sana.

Mjomba wako,
Wamae

*

Majengo, Nyeri
11 Juni 1967

Kwa Mjomba,

Salamu kwako, na kwa Gaceri na redio yake yenye afya. Rukaya ameanza kusoma alifu na be, na anamkaripia paka kwa sauti ya mwalimu. Bi Mishi anaumwa magoti. Mimi ninanenepa kwa kukaa.

Asante kwa beti. Niliisoma nikaiweka ndani ya foronya. Unauliza naupendea nini. Mjomba, mimi nimezaliwa Nyeri, nimelelewa na wewe Tetu miaka minne, nimerudi Nyeri, nimeolewa Nyeri. Sijapita Karatina. Yule mtu akitaja Sagana, mimi nimefika Sagana. Akitaja Maragua nashuka nanyoosha miguu. Kwa zile dakika tatu hakuna anayejua niko wapi, wala hakuna anayeniuliza chakula kiko wapi. Marehemu alikuwa mwema, lakini alipenda kasida na taarifa ya habari, na kidole kwenye kile kitufe kilikuwa chake. Wimbo wangu niliusikia kwa jirani, kupitia ukutani, nikiwa na kisu na vitunguu. Miaka tisa nimeolewa, hakuna aliyewahi kuniuliza napenda wimbo gani. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Juzi Bi Mishi alikuja akakaa kitandani kwangu, akanishika mkono. Akasema, "Zuena, hii eda ikiisha, Shee atakuoa. Yeye ako na bibi mmoja tu, na hiyo nyumba yake ni kubwa. Hakuna kitu itabadilika." Nikamuuliza, na nisipotaka? Akasema, "Usipotaka utaenda. Hatukufungi. Lakini mtoto ni wa Muhammad, na mtoto wa Muhammad hatoki kwa hii nyumba."

Basi ndivyo nilivyo. Mlango uko wazi kwangu, kwa Rukaya umefungwa. Shee si mtu mbaya. Simtaki, ndiyo hivyo tu. Nikifikiria kusikia kile kikohozi chumbani mpaka nizeeke, natamani kupiga kelele, na kelele nayo hairuhusiwi.

Wewe ndiye mwanamume niliyebaki naye upande wa mama. Njoo uzungumze nao. Wakiona nina mtu, watapunguza. Na nikuulize, umejuaje kuwa Shee ananiheshimu?

Zuena

*

Meru
4 Julai 1967

Mpwa wangu,

Salamu. Sote wazima. Nina haraka, mteja amenisimamia kichwani.

Jumamosi tarehe 15 mwezi huu, saa nane mchana, uiteremshe ile redio, uifunue, ufungue kipindi cha salamu. Usiniulize sababu. Unajua mimi ni mtu wa kadi za salamu, kila wiki natuma moja, na wasalimiaji wenzangu wa Kenya nzima wananijua kwa lile jina nililojipa, Fundi Mawimbi wa Meru. Nilikuahidi nini ulipokuwa na miaka kumi? Kwamba iko siku jina lako litasomwa redioni. Basi.

Nimeona umeumia. Nataka ucheke kidogo. Yale mengine tutayazungumza.

Wamae

*

Majengo, Nyeri
18 Julai 1967

Mjomba,

Salamu za leo ni fupi. Rukaya mzima. Barua yako ya tarehe nne imefika leo, Jumanne. Kadi yako ilifika Jumamosi.

Nilikuwa uani nachambua maharagwe. Saa nane, redio za mstari wetu wote zilikuwa zimefunguliwa, maana Jumamosi hakuna nyumba isiyosikiliza salamu. Nikasikia kutoka nyumba tatu kwa pamoja: "Fundi Mawimbi wa Meru anampelekea wimbo huu Zuena, mjane wa marehemu Muhammad, aliyefungiwa Majengo, Nyeri. Anasema, vumilia mpenzi wa nyimbo zangu, miezi inaisha, safari yetu inakuja." Kisha gitaa likaanza.

Mjomba, nitakwambia ukweli. Kabla sijaogopa, nilifurahi. Nilifurahi mpaka maharagwe yakamwagika. Wimbo wangu, jina langu, mchana kweupe, na nyumba tatu zikiupiga mara moja. Nilifika mpaka Maragua kabla Bi Mishi hajatoka jikoni.

Wewe hujui, na kosa si lako lote. Mwanamke akiwa eda hata kuposwa waziwazi hairuhusiwi. Hatajwi jina lake na mwanamume mbele ya watu. Na wewe umenitaja mbele ya Kenya nzima, eti safari yetu, na hukuandika popote kwamba wewe ni mjomba. Kufika alasiri, wanawake walikuwa wamekuja "kumwona Bi Mishi magoti," saba kwa mpigo.

Shee alikuja jioni. Hakupiga kelele. Alisimama nje ya pazia akauliza, "Huyu Fundi Mawimbi ni nani? Ni mjomba wako wa Meru?" Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Hata sijasema, akajijibu mwenyewe: "Hapana, haiwezi kuwa yeye. Mjomba wako alishanikubalia. Niko na barua yake, ya mkono wake, ya mwezi wa nne."

Mdomo nikaufunga.

Mwezi wa nne, Mjomba! Muhammad hajamaliza arubaini. Hukupata nafasi ya kuja kuzika, lakini nafasi ya kunitoa ulipata. Ndiyo maana ulijua ananiheshimu. Mimi naandika njoo unisemee, kumbe ulishasema.

Nilikaa kimya kwa hasira. Baadaye nikaona kimya kile kina faida. Tangu Jumamosi Shee hapiti hata karibu na mlango wangu. Bi Mishi hataji ndoa. Wanaamini kuna mtu, na mwanamume mwenye heshima zake haoi mwanamke mwenye mtu. Kwa hiyo nimewaacha waamini. Usifanye lolote. Hili nalo usiniharibie.

Zuena

*

Meru
27 Julai 1967

Mpwa wangu Zuena,

Sina uso wa kukusalimu, lakini nakusalimu. Gaceri amenikuta na barua yako mezani, akaniuliza ni nani amekufa.

Ni kweli. Shee aliniandikia tarehe 22 Aprili. Barua nzuri, ya adabu, "kwa ndugu yangu mpendwa." Alisema upande wa mama nao una haki ya kuulizwa. Nikamjibu siku ileile iliponifikia kwamba nimekubali kwa moyo wote. Sikukuuliza. Nilimfikiria Rukaya, nikafikiria paa, chakula, na kwamba mimi nakaa chumba kimoja na meza ya redio. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Ya kweli ni nyingine. Zuena, mimi ni kijana wa mwisho, kaka zangu wamekufa, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza ruhusa ya kitu. Shee aliniuliza kama mwanamume. Niliona utamu, nikasema sawa. Ulipoolewa mara ya kwanza nilikuona umelia, na siku ile pia nilisema sawa.

Ndiyo maana sikuja. Ningekutazama vipi?

Lakini siwezi kuwaacha watu wakuite mwanamke mbaya kwa ajili yangu. Barua yako imefika nikiwa nimeshasikia habari kwa dereva mmoja wa Nyeri, ambaye alikuwa anacheka. Siku ile niliyomsikia nikatuma kadi nyingine. Itasomwa Jumamosi tarehe 5 Agosti. Nimeeleza kila kitu, na mara hii nimeandika wazi kuwa mimi ni mjomba wako. Najua umesema nisifanye lolote. Ilikuwa imeshaingia posta.

Nisamehe, ukiweza.

Wamae

*

Majengo, Nyeri
22 Agosti 1967

Mjomba Wamae,

Salamu zako za mwisho zilifika, na hizi ni zangu. Nyanya Magdaline yuko salama, alishuka juzi na maziwa. Rukaya meno yameanza kuota, yamepishana kama mlango mbovu. Eda imeisha Jumapili. Nilioga, nikageuza kioo, nikajiona. Nimezeeka kidogo, si sana.

Kadi yako ya pili ilisomwa. "Fundi Mawimbi wa Meru anamwambia Zuena wa Majengo, Nyeri, na majirani zake wote, kwamba yeye ni mjomba wake." Nilikuwa nimetulia chumbani, nikafunga macho. Nikasikia kicheko kimoja, kikafuata kingine, na mstari mzima ukacheka, hakuna aliyeamini. Tangu siku hiyo Majengo hii, mwanamume wa kando anaitwa mjomba. Mwanamke akichelewa kisimani anaulizwa kama alikutana na mjomba. Ningekuwa si mimi, ningecheka pia.

Alhamisi iliyofuata wazee walikaa. Shehe wa msikiti alikuja, Shee alikuja, Bi Mishi na mimi tulikuwa nyuma ya pazia. Kabla hawajaanza, Shee aliniomba neno moja. Alikuwa amevaa koti jeusi. Akasema polepole, "Mimi sitakuoa, hiyo imeisha. Lakini niambie tu. Huyo mtu ako na nini?" Nikamjibu, "Aliniuliza napenda wimbo gani." Kisha akasema, "Mimi nilikuwa naleta nyama." Mjomba, sikutegemea, lakini nilimhurumia sana. Ni kweli alikuwa analeta nyama, na ni kweli ndicho alichokuwa nacho.

Shehe akaeleza sheria. Mtoto wa kike hukaa na mama yake. Lakini mama akiolewa na mtu wa nje, asiye wa ukoo, mtoto anarudi kwa watu wa baba. Kwa hiyo akaniuliza waziwazi, nitaolewa na huyu Fundi Mawimbi? Nikaomba msahafu. Nikaweka mkono, nikaapa kwa sauti ambayo jirani aliisikia: Wallahi, sitaolewa na Fundi Mawimbi maisha yangu yote. Sijawahi kuapa kiapo rahisi hivyo. Bi Mishi alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Julai. Shehe akasema basi, Rukaya abaki na mamake, na mamake abaki bila mume.

Nilijua kuwa hayo ya mwisho ni mlango mwingine uliofungwa. Nina miaka ishirini na tisa. Lakini nilikuwa nimeshamshika mtoto mkono, na nilitosheka.

Hapo ndipo Bi Mishi akasema, "Na hizo barua za Meru? Kila mwezi barua, Meru, Meru. Anaapa hapa, kesho anaandikiwa." Shehe akakubali kuwa ni neno la maana. Wakaamua kwamba barua za Meru zikome, zote, awe ameandika nani. Ikionekana moja, nimevunja kiapo, na mtoto anaondoka.

Nilijitahidi kunyamaza. Nilijua nikisema ukweli naweza kurudishwa kwa Shee, maana kama hakuna mtu, hakuna kizuizi. Yote hayo niliyajua, na bado nikashindwa. Nilifikiria miezi bila barua yako, nikatoa kichwa nje ya pazia mbele ya wanaume, nikasema, "Ni Wamae. Fundi Mawimbi ni mjomba wangu wa kweli, ndugu ya mama yangu. Ni redio tu anatengeneza. Ni wimbo tu alinitumia."

Shee hakukasirika. Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa barua yako ya Aprili, imekunjwa vizuri, akawasomea: "Nimekubali kwa moyo wote." Akauliza, "Mtu ameandika hivi, halafu atume kadi ya kumwambia asubiri safari? Mjomba gani hufanya hivyo?" Wazee wakatikisa vichwa. Bi Mishi akasema, "Ona, hata mjombake sasa anamtumia kujifunika." Kweli, mjomba gani hufanya hivyo?

Nimeshakusamehe. Nilikusamehe palepale, nikiwa nimeona mwandiko wako mzuri mkononi mwa Shee, ule ule ulioniandikia beti. Nimekasirika pia, na hasira haijaisha, lakini viwili hivyo vinakaa nyumba moja bila kugombana.

Nimepewa chumba cha nje, kinachotazama barabara. Nina cherehani ya marehemu, na wanawake walewale wa kucheka wanaleta nguo zao. Vijana wakipita huimba steshoni zangu puani, wananitazama. Ule wimbo siwezi kuusikiliza tena. Jana Rukaya aliuimba akicheza, nikamfokea, kisha nikajuta.

Usije, watasema yule mtu ameonekana. Usifikirie kutilia barua posta ya Nanyuki ili isionekane ya Meru. Kiapo changu cha kwanza kilikuwa kweli, na cha pili, walichoniapisha kuhusu barua, sitaki kiwe uongo. Habari zako nitazipata kwa Nyanya, kwa mdomo, akishuka na maziwa. Mwambie kila kitu ukienda Tetu, hata habari za redio za watu, ingawa atazichanganya. Na Fundi Mawimbi asitume kadi tena, kwa mtu yeyote. Najua nakuomba kitu kikubwa. Mwambie Gaceri nilitamani kumjua.

Hii nampa Nyanya akaitie posta, jina langu lisiwe nyuma. Rukaya ameketi miguuni pangu, ananiuliza naandika nini kirefu hivi, nami namwambia ni vipimo vya nguo.

Usijibu.

Zuena